Gari kubwa limekuwa zito? Tafuta sababu kabla hujanunua tabo

Kila msimu wa wageni ukikaribia hapa Malindi, maswali huwa yale yale. "Prado yangu haivuti." "Range Rover nakanyaga mafuta mpaka chini, languruma tu." "Fundi asema tabo imekufa, ni kweli?" Wengi wanaouliza wameshaambiwa wanunue kitu cha ghali, na hakuna aliyewapimia chochote. Mwongozo huu nauandika kwa ajili yao. Pima kwanza, anza na vitu visivyo na gharama, na usitoe pesa ya spea mpaka sababu uweze kuionyesha kwa kidole au kwa namba.

Nazungumzia zaidi magari ya dizeli yenye tabo, yaani pampu inayosukumia hewa ndani ya injini: Prado, Land Cruiser, Discovery, Range Rover Sport, BMW X5 na wenzao. Ya petroli nitayagusa mbele kidogo.

Kuna jambo moja la kulielewa kabla ya kufungua boneti. Malindi iko usawa wa bahari, na hewa yake ni nzito kuliko ya Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu. Gari lenye afya likiteremka kutoka bara lapaswa kuvuta vizuri zaidi likifika huku, au angalau lisipungue. Likiwa zito, usikubali jibu la "ni joto la pwani." Kuna kitu.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Kisoma hitilafu cha OBD2 (kifaa kinachosoma kompyuta ya gari) cha bluetooth, na programu ya simu inayoonyesha namba za injini moja kwa moja, si hitilafu peke yake. Soketi yake iko chini ya dashibodi upande wa dereva.
- Kipimo cha upepo wa magurudumu.
- Bisibisi na soketi za kufungulia klipu za mipira ya hewa.
- Tochi, na kioo kidogo cha kuchungulia nyuma ya injini.
- Chupa safi ya glasi yenye mdomo mpana.
- Maji ya sabuni ndani ya chupa ya kupulizia.
- Dawa ya kusafishia sensa ya hewa. Iwe ya sensa hiyo hasa; ya breki haifai.
- Kipima joto cha mbali, kile cha kuelekeza tu. Ukikikosa, utatumia mkono kwa uangalifu.
- Mtu wa pili. Hatua ya barabarani huifanyi peke yako.

HATUA KWA HATUA

1. Ondoa kwanza yasiyo hitilafu.

Angalia swichi ya fowili isiwe imebaki kwenye L4, ile gia nzito ya njia mbaya. Kwenye Discovery na Range Rover zenye kitufe cha kuchagua aina ya njia, hali ya nyasi, changarawe na theluji hulegeza mwitikio wa kanyagio kwa makusudi, na mtu akiisahau hapo atadhani injini imechoka. Kisha inua mkeka wa miguuni. Mikeka miwili iliyopandana huzuia kanyagio lisifike chini, nawe ukaendesha nusu ya injini mwezi mzima.

Halafu magurudumu. Waliotoka kucheza kwenye mchanga wa Mambrui hupunguza upepo hadi PSI 18 au 20, na ndivyo ipasavyo mchangani. Wakirudi lami husahau kuujaza. Gari la tani mbili na zaidi kwa upepo huo huburuta, hula mafuta, na huweza kupasua gurudumu. Jaza kwa namba iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

2. Jua uzito uko wapi: kwenye injini, kwenye gia, au kwenye breki.

Kanyaga mafuta ukiwa kwenye barabara iliyonyooka, utazame mshale wa mizunguko na mshale wa kasi. Mizunguko ikipanda haraka na kasi ikabaki nyuma, gia zinateleza. Acha injini, kaone mtu wa gia boksi. Gari likiondoka kwa uvivu huku gia zikigoma kubadilika, limejifunga kwenye gia moja ili lijilinde, na hilo nalo ni la gia au la umeme wake. Mishale yote miwili ikipanda kivivu pamoja, endelea na mwongozo huu.

Breki zisikupite. Chumvi ya hapa hula pini za kaliper, hasa za nyuma, na pedi zikabaki zimeibana diski. Endesha kama robo saa bila kukanyaga breki kwa nguvu, simama polepole, upime joto la kila gurudumu katikati. Gurudumu moja likiwa moto kuliko mwenzake wa upande wa pili kwa tofauti kubwa, breki hiyo inashika. Ukitumia mkono, usiguse chuma, usogeze karibu tu.

3. Soma namba za hitilafu, ziandike, usizifute.

Kosa la wengi ni kufuta kwanza ili taa ya injini izime. Ukifuta unafuta na ushahidi. Piga picha ya skrini. Utakazokutana nazo zaidi ni hizi: P0299, shinikizo la tabo halifiki, P0234, limezidi, P0087, shinikizo la dizeli liko chini, P0101 na P0102, sensa ya hewa, P0401, hewa ya EGR (vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) haipiti vya kutosha, P2463, masizi yamejaa kwenye DPF (kichujio cha masizi kwenye eksosi), P2138, sensa mbili za kanyagio hazikubaliani.

Namba hukwambia gari limeona nini. Haikwambii ubadilishe nini. P0299 ina maana shinikizo halikufika tu, na mpira uliotoboka utaleta namba ile ile inayoletwa na tabo iliyovunjika. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa, tena nyingi.

4. Washa swichi bila kuwasha injini, usome namba tatu.

Ya kwanza ni shinikizo la hewa kwenye bomba la kuingilia, kwenye programu huandikwa MAP. Injini ikiwa imezimwa hapa Malindi lazima isome karibu 100 au 101 kPa, kwa kuwa ndilo shinikizo la hewa usawa wa bahari. Gari lile lile Nairobi lingesoma kama 82 au 83. Ikisoma 85 nawe umeegesha karibu na gati, sensa inadanganya, na injini inapewa dizeli kwa hesabu ya uongo. Kipimo hiki ni cha bure na ni cha dakika moja, na bado wachache hukifanya.

Ya pili ni kanyagio. Likanyage polepole mpaka chini huku ukitazama asilimia. Kwenye magari mengi haianzii sifuri wala haiishii mia kamili. La muhimu ipande mfululizo bila kuruka wala kukatika.

Ya tatu ni betri. Gari likiwa limelala, volti 12.4 hadi 12.7, injini ikiwaka, kama 13.8 hadi 14.5. Magari haya ya kifahari yamejaa kompyuta, na umeme ukiwa mdogo huzua hitilafu ambazo hazipo.

5. Fuata njia ya hewa. Hapa usiharakishe.

Magari mengi mazito ya pwani kasoro yake iko hapa, na sababu inaeleweka. Vumbi jekundu la njia ya kwenda lango la Sala la hifadhi ya Tsavo Mashariki huingia kila mahali. Pale Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, na popote upepo wa kusi unapopiga kutoka baharini, chumvi hula aluminiamu na soketi za waya.

Anza na filta ya hewa. Itoe, iinamishe, igonge taratibu. Ikimwaga mchanga mwekundu, nunua mpya. Kuipuliza kwa kompresa huitoboa matundu usiyoyaona. Chungulia na upande wa ndani wa kasha, ule uliopita filta. Ukikuta vumbi huko, filta haikuziba vizuri ukingoni, na vumbi hilo limekuwa likiingia kwenye tabo. Gari lililolala kwenye nyumba ya likizo tangu mvua za Aprili, angalia na kiota cha panya. Panya hupenda kasha hilo, wakishashiba mahali huhamia kwenye waya.

Kisha sensa ya hewa, ile MAF, iliyo karibu tu baada ya filta. Itoe, ipulizie dawa yake, iache ikauke yenyewe. Usiiguse kwa kitambaa wala kwa kidole. Kijiwaya chake ni chembamba na hukatika.

Sasa mipira ya tabo. Hewa iliyosukumwa na tabo hupita kwenye intakula (kipoza hewa) na mipira minene kabla ya kufika kwenye injini, na ikivuja njiani ni sawa na kuvuvia jiko la mkaa kwa mrija uliotoboka: pumzi yaisha, moto haukolei. Pitisha tochi kwenye kila kiungo. Tafuta alama ya oili nyeusi iliyochanganyika na vumbi, kwa maana hapo ndipo hewa inapotokea. Minya kila mpira na uugeuze. Ufa wa chini hauonekani mpaka mpira ukunjwe.

Usipouona, pima kwa sabuni. Mafundi hutumia kifuniko cha paipu ya plastiki kilichotobolewa na kutiwa vali ya gurudumu. Kikaze kwa klipu kwenye mdomo wa kuingilia tabo, uzibe kwanza mpira wa pumzi ya injini unaoingilia hapo, la sivyo utasukuma hewa kwenye sili za oili. Jaza polepole kwa pampu ya gurudumu, usizidi PSI 10 za kipimo cha upepo, injini ikiwa imezimwa. Pulizia maji ya sabuni kwenye viungo na kwenye kingo za intakula. Hewa kidogo itapotelea ndani ya injini kupitia vali zilizo wazi, hilo lisikushughulishe. Unatafuta mapovu.

Ukishafungua hapo, kagua na tabo yenyewe, injini ikiwa baridi. Tia kidole, zungusha gurudumu lake dogo. Lizunguke bila kukwaruza. Litikisike kidogo upande kwa upande, hiyo ni kawaida kwa sababu mhimili huelea kwenye oili. Lisiende mbele na nyuma. Tazama ncha za mapanga: zikiwa zimeliwa na kuwa butu, vumbi limezila, zikiwa zimegusa ukuta, tabo hiyo kweli imekwisha. Utando mwembamba wa oili ndani ya mpira si ugonjwa. Oili ya kumiminika ndiyo ugonjwa. Fundi akikwambia tabo imekufa, mwombe akuonyeshe hayo hayo kwa tochi. Fundi mzuri atakuonyesha bila kinyongo.

6. Fuata njia ya dizeli.

Fungua koki ya chini ya filta ya dizeli, kinga kwenye chupa ya glasi, uiache itulie saa moja. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatashuka chini na utauona mstari wake. Tangi lililokaa nusu miezi kadhaa kwenye unyevu wa pwani hutengeneza maji lenyewe, kwa hiyo gari la likizo lilaze likiwa na tangi lililojaa. Takataka nyeusi zikiwa nyingi, badilisha filta. Kwa dizeli tunayokutana nayo barabarani, mimi huona kilomita 10,000 ni mwisho wake.

Harufu ya mafuta ya taa ichukulie kwa uzito. Ushuru ulioongezwa mwaka 2018 kwenye mafuta ya taa uliwekwa kuzuia uchanganyaji huo, lakini kituo usichokijua bado ni kituo usichokijua. Mafuta ya taa hayalainishi pampu inavyotakiwa, na pampu ya magari haya ni ghali sana.

ONYO: usilegeze kamwe bomba la injekta injini ikiwa inawaka. Mafundi wa zamani walifanya hivyo kwenye dizeli za kale kutafuta silinda iliyokufa. Mfumo wa sasa hufika shinikizo la 1,600 na zaidi kwa vipimo vya bar, na dizeli ikitoka kwa nguvu hiyo hupenya ngozi na kuingia mwilini. Mtu hupoteza mkono.

7. Fuata njia ya moshi.

Gari lenye DPF linahitaji mwendo mrefu ili lichome masizi yake, maana kichujio lazima kifike kama nyuzi 600. Safari za Casuarina hadi sokoni na kurudi hazifikishi. Ikiwa DPF imeanza kujaa na taa haijawa nyekundu, lipeleke kwa mwendo wa barabara kuu, kuelekea Kilifi kwa mfano, dakika 20 au zaidi bila kusimamasimama. Ukirudi, usiegeshe juu ya majani makavu wala karibu na banda la makuti. Eksosi hiyo huwasha moto.

Kabla ya hapo pima oili. Kiwango kikiwa kimepanda juu ya alama na hukuongeza, dizeli imeingia kwenye oili kwa sababu ya uchomaji uliokatizwa. Badilisha oili kwanza, usiende safari hiyo. Tazama pia joto la maji ya injini: lisipofika hata 80 baada ya mwendo mrefu, themostati imebaki wazi, na gari nyingi hazianzi kuchoma masizi injini ikiwa baridi hivyo.

Vali ya EGR ikikwama wazi, moshi uliokwisha kuungua hurudi kwa wingi ndani na gari huwa zito sana mizunguko ikiwa chini, likitoa moshi mweusi. Husafishwa, na mara nyingi hupona.

8. Jaribu barabarani ukiwa na mwenzako.

Chagua kipande kirefu kisicho na matuta, asubuhi mapema kabla bodaboda hazijajaa. Baada ya daraja la Sabaki kuna sehemu zinazofaa. Wewe endesha, mwenzako ashike simu. Weka gia ya tatu kwa mkono, anza mizunguko 1,500, kanyaga mpaka chini hadi 3,500, ukibaki ndani ya kasi ya kisheria. Asome mambo matatu.

MAP: dizeli ya lita tatu yenye afya hufika kati ya 200 na 250. Ikiishia 130, hewa haifiki.

Shinikizo la dizeli: likiwa kwenye mia kadhaa za bar gari likisimama, lipande mara moja unapokanyaga. Likipanda kisha likaporomoka huku mguu ungali chini, filta, vali ya pampu au injekta zinazorudisha mafuta mengi.

Joto la hewa inayoingia: likipanda na lisishuke hata ukishatulia kwenye mwendo, intakula imeziba kwa vumbi au mapezi yake yameliwa na chumvi.

9. Tengeneza kitu kimoja, kisha rudia hatua ya nane.

Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, hutajua kilichoponya ni kipi, na hutajua kilichobaki kibovu. Barabara ile ile, gia ile ile, namba ziandikwe kando ya zile za kwanza.

KWA GARI LA PETROLI

Hatua 1 hadi 4 ni zile zile. Taa ya injini ikimweka-mweka, kuna silinda inayokosa moto. Punguza mguu mara moja, kwa sababu petroli isiyoungua huua kichujio cha eksosi. Hamisha koili ya silinda yenye hitilafu uipeleke silinda nyingine. Namba ya hitilafu ikihama nayo, koili ndiyo mbovu. Isipohama, tazama plagi, halafu injekta. P0171 na P0174 zikija pamoja, tafuta hewa inayoingia pasipopimwa, au mafuta yasiyotosha.

BADO HALIVUTI?

Moshi mweusi, halivuti: hewa ni kidogo. Rudi hatua ya 5, halafu EGR.

Halina moshi kabisa, halivuti: dizeli ni kidogo, au gari limejifunga lenyewe. Hatua ya 6, na usome hitilafu upya.

Moshi wa buluu: oili inaungua. Tabo au injini yenyewe. Pima mgandamizo wa silinda.

Moshi mweupe unaoendelea injini ikiwa moto: ukinuka dizeli kali, injekta. Maji ya rejeta yakipungua, gasketi, usiendelee kuliendesha.

Lavuta vizuri, kisha lakata ghafla, ukizima na kuwasha lapona: kompyuta imelifunga kwa sababu ya shinikizo lililozidi au lililopungua. Angalia mkono unaosogeza mapanga ya tabo. Masizi huuganda, hasa kwenye gari lisilokimbizwa kamwe.

Linakuwa zito baada ya mvua au kuoshwa injini tu: soketi. Zifungue moja moja, tafuta rangi ya kijani kwenye pini, safisha kwa dawa ya soketi, zikaushe kabla ya kufunga. Kuosha injini kwa maji ya nguvu ni tabia mbaya sana kwa magari haya, hata kama hutumiwa kulipendezesha kabla ya kuuza.

Kila kipimo kiko sawa na bado mguu hauridhiki: pima upana na urefu wa magurudumu. Magurudumu makubwa kuliko ya kiwandani hulifanya gari liwe kama liko gia moja juu muda wote, na hakuna fundi wa injini atakayeweza kulitibu hilo.